Chui Aliyevaa Ngozi ya Chui

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu waliolala bila kula. Paukwa!

Pakawa!

Kizimba kina nini?

Kina mlango.

Mlango una nini?

Una komeo.

Na komeo liko upande gani?

Liko nje.

Basi mmejibu wenyewe, sikuwalisha maneno. Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana leo nina hasira, na hadithi ya mwenye hasira haimbembelezi mtu. Najua mtaniambia hasira hasara. Methali hiyo huipenda sana aliyeshiba. Leo niacheni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na binadamu wakielewa ila wakijifanya hawaelewi, palikuwa na mji ukiitwa Vumbani. Mji mkubwa, mji wa watu wengi, mji wa ngoma kila mavuno. Mfalme wake aliitwa Mwinyigogo. Mwinyigogo alikuwa na mashamba, akataka mashamba zaidi. Akaamuru msitu uchomwe. Ukachomwa upande wa mawio, ukachomwa upande wa machweo, ukachomwa hata kule mtoni ambako hakuna aliyepanda mbegu mpaka leo.

Ndani ya msitu ule alikaa Chui jike na mwanawe. Mtoto alikuwa mdogo bado, meno kama sindano, lakini miguu yake ilikuwa na haraka tangu alipojua kusimama. Kwa hiyo mama akamwita Mbio. Siku moto ulipowafikia, Chui alimficha Mbio ndani ya ufa wa jiwe, akaenda kutafuta njia isiyo na moto. Aliporudi jiwe lipo, ufa upo, mtoto hayupo. Watu wa mfalme walikuwa wamepita.

Mwinyigogo alikuwa na uga mkubwa nyuma ya jumba lake, akiuita Bustani ya Wanyama. Mlikuwa na nyani, mlikuwa na mbuni, mlikuwa na mamba katika kidimbwi kisichomtosha kenge. Katikati akajenga kizimba cha magogo ya mninga, akamtia Mbio humo na kumpa jina la Tunu. Mbiu ya mgambo ikapigwa mji mzima kwamba mfalme, kwa huruma yake, amemwokoa mtoto wa chui motoni. Mnasikia? Amemwokoa. Aliyewasha moto ndiye huyo huyo aliyeokoa, na watu wakapiga makofi.

Mbio akakua. Kizimba hakikukua. Akawa anakwenda hadi kwenye nguzo, anageuka. Anakwenda hadi nguzo ya pili, anageuka. Asubuhi anakwenda, anageuka. Mchana anakwenda, anageuka. Jua likitua anakwenda, anageuka. Nyasi zikafa pale alipopita, pakabaki njia tupu ya vumbi. Watoto walioletwa kumtazama wakapata mchezo mpya, wakautungia wimbo:

Chui nenda, chui geuka,
nguzo hii, nguzo ile.
Chui nenda, chui geuka,
kesho pia pale pale.

Haya, niimbieni. Tena. Na wewe uliyeegemea ukuta, usijifanye huujui, ulikwenda kumtazama na ukamtupia ganda la ndizi. Mnaimba vizuri sana. Aibu ni yenu.

Wazee wa mji walifurahi. Walisema watoto wetu sasa wanamjua chui, si kama sisi tuliomsikia kwa hadithi tu. Na kweli, ukimuuliza mtoto wa Vumbani chui ni nani, atakujibu papo hapo: chui ni mnyama mwenye madoa aendaye akageuka. Msituni hakukubaki chui wa kuonekana, kwa hiyo hakuna aliyewabishia. Walikuwa wamemsoma chui mpaka wakammaliza.

Lakini Chui mama alikuwapo. Alikimbilia ng'ambo ya mto, mlimani, akakaa huko na moyo wake ukabaki mjini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Habari alizipata kwa Kunguru, yule ambaye hula kila nyumba na hashukuru hata moja. Kunguru alikuwa akitua juu ya kizimba kila kukicha, akidokoa mabaki ya nyama. Ndiye aliyekuja kumwambia kwamba mwanao yu hai. Akasema amenenepa. Akasema ana paa, mvua haimgusi, nyama analetewa mpaka mdomoni. Aliyasifia maisha yale utadhani ya kwake, na kidogo yalikuwa ya kwake.

"Anakimbia?" Chui akauliza.

Kunguru akatazama pembeni. Akasema nyama yenyewe ni ya ng'ombe, si ya mbuzi mzee kama watu wanavyodhani.

"Ndugu yangu Kunguru, nimekuuliza mwanangu anakimbia?"

"Anatembea," Kunguru akasema.

Chui hakula siku ile.

Mara ya kwanza Chui aliomba. Alimbembeleza Kunguru ampelekee mfalme maneno yake. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na huyu alikuwa mwoga wa kuzaliwa. Alikubali pale tu alipoahidiwa matumbo ya swala. Akaruka, akatua juu ya dirisha la mfalme, akamkuta Mwinyigogo anakula wali wa nazi. Akasema kwa adabu kwamba mama yake Tunu amesalimu sana, na anaomba mwanawe.

Mwinyigogo hakukasirika. Watu wa namna yake hawakasiriki, huo ndio ubaya wao. Alinawa mikono, akaeleza polepole kama mwalimu. Kwanza, akasema, msitu umeungua, na huko nje kuna mitego na mishale. Humu ndani hakuna wa kumgusa. Pili, anakula kila siku, na mama yake mwenyewe hawezi kuapa kwamba anakula kila siku. Tatu, watoto wa Vumbani wanamtazama na kumpenda, na mtu hawezi kupenda asichokiona. Akamwambia Kunguru ampe mama mkono wa shukrani, kwa kuwa kuzaa nako ni kazi.

Kunguru akarudi mlimani, akayamwaga yote. Chui akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamrudisha na swali moja tu. Nani aliyechoma msitu?

Kunguru akaenda, akauliza. Mwinyigogo akamtazama mtumishi wake, akasema ndege huyu anapiga kelele, mfukuzeni. Sasa niambieni, mtu aliyeelewa maneno yote ya jana, leo masikio yamezibwa na nini?

Mara ya pili Chui alinyemelea. Jua lilikuwa utosini, watu wamejilaza. Alikwenda kama mama yake alivyomfundisha, na bibi yake alivyomfundisha mama yake. Tumbo chini. Mabega juu. Unyayo mmoja, kimya. Unyayo wa pili, kimya. Akapita ndani ya mtama na suke halikutikisika. Alikuwa amefika chini ya ukuta wa bustani, tayari ananusa harufu ya mwanawe, askari mmoja akamwona.

Mshale ukampata begani. Ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu. Chui akageuza, akavuka mto huku damu ikimtoka, akalala chini ya mwamba akijiramba.

Kunguru akaja jioni anacheka mpaka anayumba. Akasema mji mzima umekesha mchana kweupe kwa hofu. Wanasema wamevamiwa na shetani wa porini. Mganga ameitwa, ubani umefukizwa, wanawake wamekatazwa kupita njia ya mtama.

"Shetani?" Chui akasema. "Hawakuona kwamba ni chui?"

"Chui wanamjua, mama. Chui huenda akageuka. Wewe ulikuwa unatambaa. Wamesema wazi kabisa, kiumbe kinachotambaa namna ile hakiwezi kuwa chui."

Chui akaacha kuramba kidonda. Akamwomba Kunguru amweleze tena, polepole, mwanawe anatembeaje. Shingo anaiwekaje? Kunguru akasema anaiinamisha. Mkia? Anauburura. Macho? Kunguru akafikiri, akasema macho hayatazami kitu chochote.

Chui alisikia kila neno kama mshale mwingine. Lakini hakulia. Alipopona bega alisimama kati ya miti miwili pale mlimani, akaanza. Akaenda hadi mti huu, akageuka. Akaenda hadi mti ule, akageuka. Mwili wake ulikataa. Kila alipogeuka miguu ilitaka kuendelea, kwa maana mbele palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na swala. Kunyemelea alifundishwa na mama yake kwa kucheza. Hili alijifundisha mwenyewe kwa kuung'ata ulimi wake, na ndani ya kila mgeuko aliyaona maisha ya mwanawe, siku baada ya siku, akamchukia Mwinyigogo kwa chuki safi isiyo na maji ndani yake.

Mmewahi kusikia habari za chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Huyu alivaa ngozi ya chui.

Mara ya tatu alitembea. Ilikuwa siku ya gulio, jua kali, Vumbani imejaa watu. Chui akashuka mlimani, akashika barabara kuu, katikati kabisa, shingo chini, mkia akiuburura. Anakwenda, anageuka. Anakwenda, anageuka. Ila akienda alikwenda mbali, na akirudi alirudi kidogo, hivyo kila mgeuko ulimsogeza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Chui naye ana haki ya methali hiyo kwa siku moja.

Wa kwanza kumwona alikuwa mama muuza mihogo. Alimtazama, akaona anakwenda, akaona anageuka, akaendelea kupanga mafungu yake. Akamwambia jirani kwamba Pazi amesahau komeo, Tunu huyo anazurura. Jirani akasema Pazi akikaa kwenye bao husahau hata mke wake. Wakacheka. Mtu akatumwa kumwita Pazi, ambaye ndiye alikuwa mlinzi wa kizimba.

Watoto wakaja mbio. Wakamzunguka, wakaanza wimbo wao, chui nenda, chui geuka. Mmoja akamtupia njugu puani. Mwingine akapanda kigingi apate kuona vizuri mgongo wake. Wa tatu, kibonge mmoja aliyezoea kudekezwa, akaushika mkia akauvuta kwa mikono miwili.

Hapo, wasikilizaji wangu, Vumbani ilisimama juu ya uzi na haikujua. Kucha za Chui zilitoka zenyewe. Alimwona mtoto yule, shingo laini, jasho la mchezo. Akajiuliza kwa nini mama wa huyu alale vizuri. Akajiuliza mara moja, akajiuliza tena, akajiuliza tena. Kisha akazirudisha kucha ndani, kwa kuwa hakuja kuchukua mtoto wa mtu, alikuja kuchukua wake. Akaenda. Akageuka. Watoto wakapiga kelele za furaha, na kibonge akaachia mkia akaenda kununuliwa muwa.

Pazi akafika anahema, amekatizwa bao akiwa karibu kushinda. Alikuwa na hofu moja tu, mfalme asisikie. Hata hakutazama kizimbani mna nani. Aliyekosa huwa na haraka ya kufunika. Akamshika Chui ngozi ya shingo, akamvuta pembeni.

"Twende, Tunu. Twende mama, kabla mzee hajaamka," akamnong'oneza.

Chui akaenda. Akakubali kuvutwa na mtu ambaye angemmaliza kwa kofi moja. Wakaingia bustanini, wakapita kidimbwi cha mamba, watu wakiwafuata nyuma wakila njugu. Pazi akatoa komeo, akafungua mlango, akamsukuma ndani. Na kutoka kwenye kivuli cha pembeni akainuka chui mwingine.

Pazi akamtazama huyu. Akamtazama yule. Akamtazama huyu tena.

Chui mama aliacha kugeuka. Aliinua shingo. Aliinua mkia. Alitazama watu wa Vumbani, mmoja mmoja, kwa macho yanayotazama, na akatoa mlio ambao haukuwa ndani ya wimbo wao. Hakuna mtoto aliyeuliza hiki ni kitu gani. Walijua. Mwili wa binadamu unamjua chui hata kichwa kikidanganywa miaka na miaka.

Jamani, watu walikimbia. Kapu huku, kilemba kule. Pazi aliruka ukuta ambao mchana wa kawaida asingeupanda kwa ngazi. Lango la bustani lilikuwa jembamba, likaziba, likawa nyama juu ya nyama. Mwinyigogo, aliyekuwa ametoka na joho lake kuuliza kelele ni za nini, akajikuta amebaki peke yake katikati ya uga, mnene, viatu vya miti miguuni.

Chui mama alikuwa anahangaika na jambo lake. Mlango uko wazi na Mbio hatoki. Anakwenda hadi nguzo, anageuka. Mama akamwita Mbio. Jina lile halikumshtua hata sikio. Akamwita tena, akamwita tena. Mwishowe akamshika kwa meno nyuma ya shingo, kama alivyombeba utotoni, ingawa sasa walikuwa sawa kwa kimo, akamburuta mpaka nje, akamkanyagisha nyasi.

Mwinyigogo akaona chui wawili wanamjia. Akatazama lango, limeziba. Akatazama ukuta, ni mrefu, yeye ndiye aliyeagiza uwe mrefu. Akaona kitu kimoja tu chenye nguvu mbele yake, magogo ya mninga. Akakizunguka kizimba kwa nyuma, akaingia, akauvuta mlango kwa kishindo, na komeo likaanguka mahali pake kwa nje. Akaanza kulia. Akasema yeye ni mzee, ana watoto, ana shinikizo la damu. Akasema kila mtu hukosea. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Chui mama akasogea mpaka pumzi yake ikampiga mfalme usoni.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema.

Akamgeukia mwanawe, akamsukuma kwa bega. Lango lilikuwa limefunguka sasa, limebaki na viatu tu. Wakatoka, wakapita gulio tupu, wakavuka mto.

Vumbani hawakurudi bustanini mpaka alasiri, walipoona kimya. Walimkuta Mwinyigogo amevua joho. Alikuwa anakwenda hadi nguzo hii, anageuka. Anakwenda hadi nguzo ile, anageuka. Pazi akatoa komeo. Mfalme akatoka, akaoga, akala, akalala. Siku ya pili akakaa barazani akinywa kahawa, akasema bustani inahitaji magogo mazito zaidi, na wawindaji wakatafute kinda lingine kabla msimu haujaisha. Na watu, wale wale waliomkuta anageuka kwa macho yao, wakaitikia, "Naam, mtukufu."

Kule mlimani Chui alimsimamisha mwanawe juu ya mwamba. Chini yao palikuwa na bonde lote, majani mabichi yalikuwa yameota juu ya majivu, swala wanakula. Upepo unatoka upande mzuri. Mama akamwambia kimbia. Mbio akashuka mwamba. Akaenda hatua zake zile zile mpaka mahali pasipo na kitu, pasipo na nguzo wala ukuta, akasimama, akageuka. Akarudi. Akageuka.

Mama akamwonyesha swala, akageuka. Mama akamletea swala, akala, akanyanyuka, akageuka. Mama akatembea ubavuni pake, bega kwa bega, na kila walipofika mahali pale pa kugeukia alimsukuma ili apite, japo kwa unyayo mmoja. Mbio alitetemeka kama anasukumwa ndani ya moto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa na magogo. Nyasi za mlimani nazo zikaanza kufa, zikachora njia ya vumbi.

Mnataka niwaambie alipona. Naziona nyuso zenu. Mnataka niseme asubuhi moja alikimbia, mkalale vizuri, na kesho muwapeleke watoto wenu kutazama wengine. Siwaambii hivyo.

Mwinyigogo aliingia kizimbani adhuhuri, akatoka alasiri. Mbio alitolewa siku ile ile, na hajatoka mpaka leo.

Hadithi yangu imeishia hapa. Kama ilikuwa tamu, gawaneni. Kama ilikuwa chungu, imezeni hivyo hivyo; mimi sikuipika, nimeipakua tu.